Mzigo Usioonekana Mabegani: Tiba ya Viungo na Msongo wa Mawazo

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya kikao cha watumishi)



Nimepewa dakika chache nizungumzie huduma ya afya ambayo wengi wetu hudhani ni ya waliovunjika mifupa au waliopatwa na kiharusi peke yao. Huduma hiyo ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Katika msimu mmoja wa bajeti nilikuwa nikiketi mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi usiku. Shingo ilikaza, mabega yakawa magumu kama gogo, na kila alasiri kichwa kiliniuma kuanzia kisogoni hadi juu ya macho. Nikawa napita duka la dawa, nanunua vidonge vya kutuliza maumivu, nameza na kurudi kazini. Nilifanya hivyo kwa wiki nyingi bila kumwona daktari, mpaka tumbo lilipoanza kuniungua.

Hospitalini daktari alinipima, akanikataza vile vidonge, kisha akanielekeza kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Swali la kwanza la mtaalamu yule halikuhusu shingo. Aliniuliza: "Usiku unalala saa ngapi, na kabla ya kulala unawaza nini?" Nilinyamaza kidogo. Wakati ule mama yangu alikuwa mgonjwa nyumbani, nami sikuwa nimemwambia mtu yeyote kazini.

Ndugu zangu, mwili una utaratibu wake wa kujihami. Ubongo unapohisi hatari, hutuma ujumbe kwa njia ya mishipa ya fahamu na homoni kama adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, na misuli hukaza ikijiandaa kupigana au kukimbia. Hatari ikipita, misuli hulegea. Lakini deni, msiba au ugonjwa wa mzazi haupiti kwa saa moja. Misuli ya shingo, mabega, taya na mgongo hubaki imekaza siku baada ya siku. Maumivu hufukuza usingizi, kukosa usingizi huongeza wasiwasi, na wasiwasi huikaza misuli zaidi.

Fiziotherapia huingia katika mzunguko huo kupitia mwilini. Mtaalamu hupima mwendo wa viungo na nguvu ya misuli, huangalia namna unavyoketi na kusimama, kisha huweza kutumia mikono yake, joto, mazoezi ya kunyoosha na kuimarisha misuli, pamoja na mafunzo ya kupumua. Mikono yake huleta nafuu, lakini nafuu ya kudumu hutegemea mazoezi utakayoyafanya mwenyewe nyumbani.

Zoezi mojawapo lina asili ya kazi ya daktari Mmarekani Edmund Jacobson, aliyechapisha kitabu juu ya njia hiyo mwaka 1929. Aliona kwamba mtu aliyezoea kukaza misuli hata hatambui kuwa ameikaza. Basi hufundishwa kuikaza kwa makusudi, kisha kuiachia, ili aijue tofauti. Tujaribu hapa hapa tulipoketi. Fumba ngumi kwa sekunde tano, bila kujiumiza. Achia, upumzike kwa sekunde kumi au zaidi. Sasa pandisha mabega kuelekea masikioni. Yashikilie, kisha yaachie yashuke. Vuta pumzi taratibu kwa pua hadi tumbo lijae, uitoe polepole kuliko ulivyoivuta. Naona wengine mnatabasamu, mabega yameshuka.

Kazini, inueni kioo cha kompyuta kilingane na usawa wa macho, na msiketi zaidi ya saa moja bila kusimama. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama kutembea kwa haraka.

Nisiwadanganye, hata hivyo. Fiziotherapia hailipi deni wala haifuti msiba. Kama huzuni haikuachi, au umefikia kuona maisha hayana maana, mwone daktari, au afisa ustawi wa jamii wa Halmashauri yetu, na usingoje. Vilevile, si kila maumivu ni msongo. Maumivu ya kifua yanayoelekea mkononi au tayani, homa pamoja na shingo kukakamaa, miguu kuishiwa nguvu, kushindwa kuzuia haja, au maumivu baada ya kuanguka: hayo yahitaji hospitali mara moja. Wala msimruhusu mtu asiye na mafunzo awavunje shingo kwa kuizungusha kwa nguvu.

Utaratibu wa kupata huduma ni rahisi. Anzia kituo cha afya au idara ya wagonjwa wa nje ya hospitali, ueleze maumivu yako pamoja na hali ya usingizi na mawazo yako. Taja dawa zote unazotumia, kwani dawa kama diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa muda mrefu bila ushauri huweza kudhuru tumbo na figo. Daktari akiona inafaa, atakuelekeza kwenye kitengo cha fiziotherapia. Kisipokuwapo hapo, atakupa rufaa. Ulizia mapema malipo au masharti ya bima yako.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi shingo yangu ilinisemea kabla sijasema. Shingo ililegea kwa mazoezi ya wiki kadhaa, lakini mzigo ulianza kupungua siku ile nilipoulizwa, nikajibu. Tuulizane hali, ndugu zangu, na anayeulizwa ajibu kweli.