Dawa ya Nusukaputi na Jeraha Lisiloonekana

Askari arudipo kutoka mstari wa mbele akiwa amefungwa bendeji, kambi nzima hujua kwamba ameumia. Wenzake humbebea mzigo, kamanda humpa likizo, na mganga huandika jina lake katika daftari. Lakini arudipo mzima wa viungo, kisha akawa haonji usingizi, akashtuka mlango ukigongwa, akapiga kelele usiku na kumpiga mkewe mchana, watu husema ni mlevi, au amerogwa, au ni mwoga. Majeshi ya Uganda yalifika Mogadishu mwezi wa Machi mwaka 2007, yakafuatwa na ya Burundi mwaka huo huo, na ya Kenya baadaye. Maelfu ya vijana wamekwenda na kurudi tangu wakati huo. Si haki kudhani kwamba waliohesabiwa hospitalini ndio pekee waliojeruhiwa.

Ndiyo maana habari za dawa iitwayo ketamini, ambazo zimekuwa zikitoka Marekani na Ulaya kwa miaka kadhaa sasa, zinastahili kusikilizwa kwa makini na watu wa vyombo vya ulinzi na usalama. Zisikilizwe, lakini zisimezwe nzima nzima.

Ketamini si dawa ngeni kwa askari. Ilitengenezwa mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens, kwa ajili ya kampuni ya Parke-Davis ya Marekani. Watu wa kwanza kuchomwa sindano hiyo, mwaka 1964, walikuwa wafungwa waliojitolea katika gereza la Jackson, jimbo la Michigan. Mwaka 1970 serikali ya Marekani iliiruhusu itumike kwa binadamu, na mara ikaingia katika mifuko ya waganga wa jeshi waliokuwa Vietnam. Sababu ni rahisi kuelewa. Dawa nyingine za nusukaputi hudhoofisha pumzi na kushusha msukumo wa damu. Ketamini, ikitolewa kwa kipimo sahihi, humwacha majeruhi akiendelea kuvuta pumzi mwenyewe, na msukumo wa damu hupanda badala ya kushuka. Kwa hiyo yaweza kutumika hata mahali pasipo mashine wala umeme. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa za lazima mwaka 1985. Mama wengi wa vijijini waliofanyiwa upasuaji katika hospitali za wilaya za Afrika Mashariki walilazwa kwa dawa hiyo hiyo, ingawa hawakuambiwa jina lake.

Wengi waliopewa waliamka na kusimulia mambo ya ajabu: kwamba walijiona wako nje ya mwili, au wakielea juu ya kitanda. Kwa muda mrefu waganga waliyahesabu hayo kuwa ni kero tu. Kisha, mwaka 2000, madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale wakatangaza kwamba kipimo kidogo, kisichofika cha kumlaza mtu kwa upasuaji, kilipunguza huzuni nzito ya wagonjwa wachache, yaani maradhi yale ambayo wataalamu wa lugha huyaita sonona. Mwaka 2006 watafiti wa serikali ya Marekani waliyarudia majaribio hayo kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Zaidi ya theluthi mbili walipata nafuu katika muda wa saa 24. Dawa za kawaida za sonona huchukua majuma kadhaa kufanya kazi, na kwa mtu anayefikiria kujiua, majuma kadhaa ni mbali mno.

Lakini habari hiyo ilikuwa na upande wa pili, nao husimuliwa mara chache. Juma moja baada ya sindano, ni takriban theluthi moja tu ya wagonjwa hao waliobaki na nafuu ile. Dawa ilifungua mlango, na mlango ukajifunga tena.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuunganisha sindano na tiba ya mazungumzo. Inaaminika kwamba ketamini huwezesha chembe za ubongo kuotesha viungo vipya kati yake, na kwamba kwa siku chache mgonjwa huwa mwepesi wa kujifunza na kuyatazama mambo yake kwa jicho jingine. Ikiwa siku hizo zitapita bure, mgonjwa atarudi katika mawazo yale yale. Basi mganga wa nafsi huketi naye kabla ya dawa, wakajuana na kutajana yanayomsumbua. Huwa karibu naye dawa inapofanya kazi. Na siku zinazofuata huzungumza naye tena juu ya aliyoyaona na atakavyoyatumia nyumbani na kazini.

Warusi walilijaribu jambo hili mapema. Kuanzia miaka ya 1980, daktari Evgeny Krupitsky na wenzake mjini Leningrad waliwatibu walevi sugu kwa ketamini pamoja na mazungumzo, wakaripoti kwamba takriban theluthi mbili waliacha pombe kwa mwaka mzima, huku kwa waliopata tiba ya kawaida wakiwa takriban robo tu. Majaribio hayo hayakufuata masharti makali yanayotakiwa leo. Yale ya Uingereza yaliyotangazwa mwaka 2022, yenye watu 96, yaliyafuata. Waliopewa ketamini pamoja na tiba ya mazungumzo walikaa siku nyingi zaidi bila kunywa kuliko waliopewa maji ya chumvi na masomo ya kawaida juu ya pombe. Idadi ni ndogo, lakini dalili ipo.

Na askari je? Mwaka 2022 huo huo yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani kwa askari na maveterani 158 wenye maradhi ya kiwewe cha vita. Walitundikiwa dripu mara nane katika majuma manne, wengine ketamini, wengine maji matupu. Huzuni ilipungua kwa waliopata kipimo cha kawaida cha ketamini. Lakini kiwewe chenyewe, yaani zile ndoto, ule mshtuko, ule uchungu wa kumwona mwenzio akianguka, hakikupungua kuliko kwa wale waliotundikiwa maji. Jaribio hilo lilihusu dawa, si mazungumzo. Anayetaka kuwauzia majeshi ya Afrika sindano ya miujiza aulizwe kwanza juu ya jaribio hilo.

Kuna hatari nyingine ambazo haifai kuzifumbia macho. Ketamini ikitumiwa ovyo na mara kwa mara huzoesha mwili na kuharibu kibofu cha mkojo. Na polisi wanalo la kujifunza kutoka mji wa Aurora, jimbo la Colorado. Mwezi wa Agosti mwaka 2019, kijana Elijah McClain alisimamishwa na askari alipokuwa akirudi kutoka dukani kwa miguu. Hakuwa ametenda kosa. Alikabwa shingo, akalazwa chini, kisha wahudumu wa gari la wagonjwa wakamchoma miligramu 500 za ketamini ili atulie, baada ya kukisia kwamba uzito wake ni mkubwa kuliko ulivyokuwa. Alifariki siku chache baadaye. Mwaka 2023 askari mmoja na wahudumu wawili walipatikana na hatia mahakamani. Dawa ni ile ile iliyowapa wengine nafuu; pale haikuwa tiba tena, ilikuwa pingu.

Kwa nchi za Afrika Mashariki liko jambo la karibu zaidi. Mwaka 2015 China ilipendekeza katika Umoja wa Mataifa, mjini Vienna, kwamba ketamini iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa kama dawa za kulevya. Nia ilieleweka, kwa kuwa vijana wengi huko walikuwa wakiitumia vibaya. Lakini Shirika la Afya Duniani lilisema hapana, kwani hospitali za nchi maskini zingekosa dawa pekee ya upasuaji zinayoimudu. Pendekezo hilo likawekwa kando. Kwa hiyo askari polisi anayekamata chupa zilizoibwa katika bohari ya hospitali hatendi kazi ndogo. Chupa iliyokwenda kilabuni ni chupa iliyokosekana siku gari la doria linapopinduka.

Kuhusu mazungumzo, eneo hili halihitaji kungojea mtu kutoka ng'ambo. Kusini-magharibi mwa Uganda, wanavijiji walikuwa na jina lao la ugonjwa wa kujichukia, yo'kwekyawa, kabla watafiti hawajafika. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba vikundi vya kuzungumza mara moja kwa juma, kwa majuma 16, vikiongozwa na wenyeji wa elimu ya sekondari waliofunzwa kwa majuma mawili, viliishusha sonona miongoni mwa wanakikundi kutoka asilimia 86 hadi asilimia 6.5. Katika vijiji visivyo na vikundi, zaidi ya nusu walibaki wagonjwa.

Na katika kambi ya wakimbizi ya Imvepi, kaskazini mwa nchi hiyo, wakimbizi wa Sudani wenye kiwewe cha vita walitibiwa kwa kusimulia maisha yao tangu kuzaliwa, bila kuruka siku ile mbaya. Vikao vilikuwa vinne tu. Mwaka mmoja baadaye, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2004, ni asilimia 29 waliokuwa bado na maradhi hayo. Kwa waliopata ushauri wa kawaida walikuwa karibu asilimia 80. Hapakuwa na sindano wala dripu. Palikuwa na msikilizaji mmoja aliyefunzwa, kalamu na daftari, na kikao cha mwisho kilipomalizika kila mmoja alikabidhiwa karatasi zenye habari ya maisha yake.