Kutafuta Wazee wa Jadi Kupitia Ndia Kuu
Maandishi ya mhadhara kwa wakazi wa Mji wa Kale, Mombasa



Mtu wa Mombasa akiulizwa kwao ni wapi, mara nyingi hutaja mtaa kabla ya ukoo. Kibokoni, Kuze, Mlango wa Papa, au Ndia Kuu. Swali linalofuata ndilo gumu: nani aliishi katika nyumba ile, na aliingiaje humo? Wengi hukimbilia kutafuta hati. Lakini njia nyepesi ni kuanza na barabara yenyewe, kisha nyumba, kisha jina, na karatasi zije mwisho.

Ndia Kuu ni jina la Kimvita, maana yake njia kuu. Imeanzia karibu na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ikaingia ndani ya Mji wa Kale. Kabla ya reli kuanza kujengwa mwaka 1896, na kabla ya meli kubwa kuhamia Kilindini, biashara ya mji ilizunguka Bandari ya Kale, hatua chache kutoka hapo. Ndiyo maana eneo hilo liliwakusanya Waswahili wa Thenashara Taifa, Waarabu wa Omani na wa Hadhramaut, Wabaluchi, na wafanyabiashara kutoka Bara Hindi. Nyumba moja iliweza kupita mikononi mwa jamaa tatu katika vizazi vitatu.

Kwa hivyo, jambo la kwanza ni kuthibitisha nyumba. Majina ya barabara hubadilika. Barua ya zamani ikitaja Salim Road, hiyo leo ni Digo Road. Ikitaja Kilindini Road, hiyo ni Moi Avenue. Msikiti ni alama ya kutegemewa zaidi kwa sababu hauhami. Andika msikiti wa karibu, kisima, kichochoro, na majina ya majirani wa kila upande.

Jambo la pili ni jina. Mohamed bin Ali wako wengi katika kila mtaa. Tafuta jina la babu, taifa au nisba, na kazi aliyofanya. Jina la utani nalo lisidharauliwe. Pengine ndilo pekee ambalo majirani walilijua. Watu wawili wenye jina moja hutenganishwa na majirani: mtu wako ni yule ambaye nyumba yake ilipakana na fulani.

Baada ya hapo, karatasi zina faida. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa Pwani wawasilishe madai ya ardhi zao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Kumbukumbu za madai hayo zinaweza kuonyesha jina la mdai na mipaka ya kiwanja. Ukiwa na namba ya kiwanja, uliza katika afisi ya usajili wa ardhi. Kumbukumbu za utawala wa kikoloni zimo katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa.

Hapa pana mtego. Mombasa ina desturi ya siku nyingi ya nyumba bila ardhi: mtu humiliki kuta na paa, na humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Babu wa aina hiyo huenda jina lake halimo kwenye hatimiliki hata kama alijenga nyumba na kuzikwa akiitwa mwenye nyumba. Kutoonekana kwake si ushahidi kwamba hakuwapo. Tafuta risiti za kodi, mikataba ya mauzo ya nyumba, na barua.

Faili za mirathi za Mahakama ya Kadhi zina faida nyingine. Hati ya ardhi humtaja mwenye mali. Mirathi huwataja warithi na mafungu yao. Bibi na mabinti waliopotea katika hati huonekana humo kwa majina. Pale nyumba ilipowekwa wakfu, hati ya wakfu hueleza nani aliitoa na kwa manufaa ya nani.

Hata hivyo, karatasi zote hizo huwapendelea wenye mali. Nyumba za Ndia Kuu zilikuwa na baraza mbele na jiko nyuma. Historia imesimuliwa zaidi kutoka barazani. Waliopika, waliochota maji, waliobeba mizigo kutoka bandarini, wengi wao wakiwa watumwa, nao ni wazee wa jadi wa watu walio hai leo. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria hapa Pwani mwaka 1907, na sheria iliwaruhusu mabwana kudai fidia. Mtumwa mwenyewe hakulipwa. Wengine walikuwa wamepelekwa Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 upande wa pili wa mkono wa bahari. Nyaraka za chama hicho zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza.

Familia nyingi zimenyamaza kuhusu jambo hili, kwa aibu au kwa heshima. Anayeuliza asilazimishe. Lakini anayejibu ajue kwamba asiposema yeye, hakuna faili itakayosema badala yake. Hatimiliki yaweza kungoja miaka mia. Bibi wa miaka tisini hawezi.

Kwa hiyo anzeni na wazee wiki hii. Usimwulize mzee mwaka, mwulize tukio. Alihamia kabla ya daraja la kuelea la Nyali la mwaka 1931, au baada yake? Alikuwa ameolewa daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 1980? Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Andika jina la msimulizi na tarehe. Masimulizi mawili yakipingana, yaandike yote mawili. Usichague lililo tamu.

Yako mambo matatu ya kujihadhari nayo. Kwanza, usimpe mtu hati asilia, mpe nakala. Pili, shajara ya ukoo si hatimiliki. Atakayekuahidi kukurudishia nyumba ya babu kwa sababu ya shajara peke yake, usimpe pesa. Mzozo wa ardhi au mirathi una mahakama yake. Tatu, Mji wa Kale ni eneo linalohifadhiwa, na ukarabati unahitaji idhini. Kabla ya fundi kugusa mlango, roshani au maandishi ya ukutani, piga picha, kwani huenda huo ndio ukurasa pekee uliobaki wa aliyeishi humo.

Kila nyumba ya Ndia Kuu ikiandikiwa karatasi moja yenye majina ya waliokaa mbele na waliokaa nyuma, watoto wa mji huu wataacha kubishana nani ni mwenyeji. Wataona walivyopakana.