Funguo Zilikuwa Ngapi? Mada Kuhusu Ulinzi wa Magari Yetu ya Zamani

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na Ofisi ya Miradi ya Dayosisi kwenye semina ya Kamati za Miradi za Sharika. Tunaichapa kwa ajili ya wajumbe ambao hawakuweza kufika, na kwa ajili ya wahisani wetu wanaofuatilia hali ya magari waliyotusaidia kuyapata.



Wengi wenu mnalikumbuka lile Land Cruiser jeupe la mwaka 1997, lililokuwa likiwapeleka wahudumu wa kliniki ya watoto tambarare kila Jumanne. Lililetwa kwa msaada wa usharika rafiki wa ng'ambo. Usiku mmoja wa mwezi wa Agosti, miaka mitatu iliyopita, liliibwa likiwa ndani ya uzio wa usharika. Mnyororo wa geti ulikatwa. Hakuna kioo kilichovunjwa, wala hatukuona hata kipande cha chupa pale lilipokuwa limeegeshwa. Mlinzi alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda msibani kwa jirani yake. Ruhusa tulimpa sisi, na sisi ndio hatukukumbuka kuweka mtu mwingine mahali pake.

Polisi walipofika asubuhi walituuliza swali ambalo tulidhani ni jepesi: funguo za gari hili zilikuwa ngapi, na ziko kwa nani? Tukatazamana. Mwenyekiti alijua mbili. Dereva alijua tatu. Mzee mmoja wa kanisa akakumbuka kuwa fundi aliwahi kuchongesha mwingine gari lilipokuwa gereji, ila hakuwa na hakika kama ulirudishwa. Ufunguo wa kila siku ulitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi, na msumari huo hata watoto wa kipaimara waliujua.

Aliyelipa gharama ya swali hilo ni dereva. Kwa kuwa yeye ndiye aliyeliendesha mara ya mwisho, alihojiwa, akalala mahabusu siku tatu. Hakukutwa na kosa lolote, akaachiwa. Lakini kijijini watu walikwisha kusema yao, na watoto wake walisikia maneno hayo shuleni. Ofisi yetu ilimwandikia barua ya kumsafisha jina, nayo tunakiri ilitoka baada ya wiki sita. Hakurudi kazini. Daftari la kusaini funguo huuzwa kwa bei ya soda mbili au tatu, na tungekuwa nalo huenda mtu huyu asingelala huko hata usiku mmoja.

Gari halikupatikana hadi leo. Kliniki ya kila wiki imekuwa ya mara moja kwa mwezi, kwa gari la kukodi, na mwezi mwingine haifanyiki kabisa. Kwa sababu hiyo tumeomba nafasi ya kuzungumza nanyi.

Kwenye vikao huwa tunasikia maneno haya: "Gari lenyewe kuukuu, nani atahangaika nalo?" Ndugu zangu, ni kinyume chake. Land Cruiser za aina hii zilianza kutengenezwa mwaka 1984, na ile injini ya dizeli ya lita 4.2 ambayo mafundi wetu wanaiita 1HZ ilianza kutumika mwaka 1990. Ni injini isiyotegemea kompyuta. Fundi wa chini ya mwembe anaifungua na kuifunga. Kwa hiyo giaboksi yake, difu zake, milango yake na pampu yake vina wanunuzi kila mahali, na gari likishakatwakatwa halina namba tena. Sifa iliyotufanya tulipende gari hili ndiyo inayomfanya mwizi alipende.

Tena magari mapya yana imobilaiza, yaani kifaa kinachosoma chipu iliyo ndani ya ufunguo. Kisipoitambua, injini haiwaki. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kifaa hicho kilikuwa cha lazima kwa magari madogo mapya kuanzia Oktoba 1998. Magari yetu mengi ama ni ya kabla ya hapo, ama yalitengenezwa kwa masoko ambayo hayakulazimishwa. Ufunguo wetu ni chuma tu. Na ndani ya kitasa cha zamani vile vibati vidogo vinavyosukumwa na meno ya ufunguo vimelika kwa miaka mingi, hata ufunguo wa gari jingine uliolika unaweza kukizungusha. Tulijaribu kwenye magari mawili ya ofisi yetu wenyewe. Gari la kwanza lilikataa. La pili liliwaka kwa ufunguo wa la kwanza, na mhasibu wetu aliyekuwa akitazama alicheka, halafu akanyamaza.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kubadilisha vitasa vya milango na cha swichi ya kuwashia, na kupata funguo mbili tu. Mmoja uwe kwa dereva wa zamu kwa saini. Wa pili ukae kwenye sefu ya usharika, ndani ya bahasha iliyofungwa na kusainiwa na watu wawili. Gari likienda gereji, fundi apewe ufunguo kwa maandishi na aurudishe kwa maandishi. Ukichongwa mwingine, uandikwe. Mchungaji akitaka gari saa nne usiku, naye asaini. Tunajua hapa pana ugumu, maana si rahisi mwinjilisti kijana kumwambia Mchungaji wake, "Baba, naomba saini yako kwanza." Basi kamati ilipitishe kwenye kikao na kuliandika kwenye muhtasari, ili kijana aonekane anatii kikao, asionekane anamkosea heshima mkubwa wake.

Jambo la pili ni swichi ya siri, na hapa tunaomba msikilize kwa makini kwa sababu mafundi wengi wanaifunga vibaya. Gari la petroli likikatiwa umeme wa plagi halitembei. Dizeli haina plagi za kuchoma mafuta. Dizeli hujichoma yenyewe kwa joto la mgandamizo. Kwa hiyo ukikata waya wa stata tu, vijana wanne watalisukuma na litawaka kwenye mteremko, na sisi huku milimani miteremko haijatupungukia. Pa kukata ni waya unaokwenda kwenye ile valvu ndogo ya umeme iliyo juu ya pampu ya dizeli. Valvu hiyo isipopata umeme hujifunga kwa springi, mafuta hayapiti, na gari halitawaka hata likisukumwa mpaka Himo.

Lakini mwizi anayejua kazi atafungua boneti na kupeleka waya moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi kwenye valvu. Ndiyo maana swichi bila kufuli ya boneti ni nusu ya kazi. Kufuli hiyo fundi wa kuchomelea anaitengeneza kwa nusu siku.

Tahadhari mbili. Swichi isiwekwe mahali ambapo goti la abiria linaweza kuigusa, kwa sababu injini ikizimika gari likiwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito na breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Pia nyaya ziwe za unene unaotosha, na ziunganishwe vizuri na fundi umeme wa magari. Tumeona gari lililookolewa na wezi likateketea kwa sababu ya waya uliofungwa kwa nailoni. Wale wanaofunga koki kwenye bomba la mafuta hatuwashauri. Gari huwaka kwa dizeli iliyobaki, huenda hatua kadhaa, kisha huzimikia barabarani. Hewa ikiwa imeingia kwenye bomba, hata ninyi wenyewe mtapata taabu kuliwasha tena.

Swichi kuu ya kutenganisha betri nayo ni nzuri kwa gari linalolala siku nyingi, mradi izimwe injini ikiwa imezimwa. Ukiizima injini ikiwa inanguruma unaweza kuua oltaneta.

Vyuma vya kufunga usukani vipo madukani. Vinasaidia, ingawa usukani wenyewe unaweza kukatwa kwa msumeno na chuma kikatoka kizima. Kufuli ya pedali au ya gia ni ngumu zaidi kushughulikia, maana mwizi anatakiwa ajikunje chini gizani. Huo ndio msaada wa vitu hivi vyote: vinamchelewesha na kumlazimisha apige kelele. Usharika mmoja unaliegesha gari pua ikitazama ukuta, na trekta nyuma yake. Haikuwagharimu kitu.

Tunaulizwa sana kuhusu vifaa vya GPS vya kufuatilia gari. Ni vizuri, na mkiweza mfunge. Ila mjue kinavyofanya kazi. Kifaa hujua mahali kilipo kwa setilaiti, halafu hutuma taarifa kwa laini ya simu. Laini isipokuwa na salio, au gari likiwa bondeni pasipo na mtandao, au mwizi akikata betri na kifaa hakina betri yake ya ndani, hamtaona kitu. Kamati moja ilinunua kifaa, ikalipia miezi mitatu, ikaacha. Kile kifaa kiko garini hadi sasa kikinyonya betri bila kumwambia mtu yeyote lolote. Kama bajeti haina fungu la kulipia kila mwezi, anzeni na kitasa na swichi.

Kuhusu wizi wa vipande: taa, vioo vya pembeni, betri, tairi la akiba na dizeli yenyewe huibwa mara nyingi kuliko gari zima. Choresheni namba ya gari kwenye vioo vyote na kwenye taa. Kioo chenye namba yako mnunuzi hukiogopa. Andikeni pia namba ya chasisi na ya injini kwenye faili la ofisi, pamoja na picha za gari pande zote, na alama zake za pekee kama mkwaruzo, kiraka, au kiti kilichoshonwa.

Kadi halisi ya gari isikae kwenye gari. Tumekuta magari sita ya sharika yakiwa na kadi halisi kwenye droo ya mbele! Mwizi akikuta kadi humo, umempa gari pamoja na hati yake. Garini ibaki nakala.

Bima. Sheria inatulazimisha kuwa na bima ya kuwalinda wengine tunaoweza kuwadhuru barabarani, ile tunayoiita bima ndogo. Hiyo peke yake haimlipi mwenye gari likiibwa. Tulikuwa nayo, na tulipokwenda kudai tulionyeshwa kwa upole maandishi ambayo hatukuwahi kuyasoma. Bima kubwa hulipa wizi, lakini hulipa thamani ya gari lilivyo siku lilipoibwa, wala si bei ya kununua jipya, na kwa gari la zamani kampuni nyingine husita kuitoa. Ulizeni pia bima ya katikati, inayoongeza moto na wizi juu ya bima ndogo. Ulizeni mapema, na mwombe masharti kwa maandishi: baadhi huhitaji gari lilale penye uzio na mlinzi.

Likiibwa, msianze kwa kuitana kikao. Pigeni simu polisi saa hiyo hiyo, chukueni RB, toeni namba ya chasisi. Kutoka Moshi hadi mpaka wa Holili ni mwendo wa chini ya saa moja, na upande wa Rombo kuna Tarakea. Sisi tulipoteza saa nne tukimtafuta Mwenyekiti ili aidhinishe taarifa. Gari likivuka mpaka, polisi wanaweza kuliingiza kwenye orodha ya Interpol ya magari yaliyoibwa, lakini orodha hiyo inahitaji namba sahihi ya chasisi, na sisi ya kwetu tuliipata siku ya pili, kwenye faili la forodha la zamani.

Wahisani wetu wametuuliza kwa haki kama kuna maana ya kutumia fedha kulinda gari lenye umri wa karibu miaka thelathini. Jibu letu ni kwamba gari hilo ndilo tulilonalo, na la kulichukua mahali pake hatuna. Hatukuja leo kuomba gari jipya. Tunaomba ruhusa ya kutumia sehemu ya fungu la matengenezo kwa vitasa, swichi na kufuli za boneti kwenye magari yaliyobaki, na taarifa ya matumizi mtaipata kwenye toleo lijalo, usharika kwa usharika, pamoja na idadi ya funguo za kila gari.

Yule dereva tulimtembelea mwezi uliopita. Anaendesha lori la mchanga siku hizi. Alitupokea vizuri, akatupa chai. Alituuliza kama siku hizi tuna daftari. Tulimwonyesha.

Fundi umeme yuko nje chini ya mti. Baada ya chai, kila kamati iliyokuja na gari imletee funguo zake zote. Anayeona zimepungua aseme hapa hapa, kabla hatujatawanyika.