KAUNTA YA DAWA NI MLANGO WA KWANZA

(Hotuba kwa wanafunzi wa ufamasia)

Ndugu wanafunzi,

Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961 tuliapa kupigana na maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Leo tumekuja kusema habari za maradhi ambayo hao maadui wengine wawili huyafungulia njia. Nayo ni saratani ya titi.

Mwaka 2022 wanawake wapatao 2,300,000 duniani walikutwa na maradhi haya, na wapatao 670,000 walifariki. Anayewahi matibabu ana tumaini kubwa la kupona. Lakini wengi wa mama zetu hufika Ocean Road, Bugando au KCMC maradhi yamekwisha kuenea.

Hatusemi kwamba ni wavivu. Hospitali iko mbali, nauli ni ghali, na shamba haliwezi kungoja. Kwa hiyo mama akiona uvimbe huenda kwanza duka la dawa. Hapo ndipo atakapokutana nanyi. Mkimpa vidonge vya maumivu na kumwambia arudi mwezi ujao, mmechukua fedha zake na wakati wake pia. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike katika siku 60 tangu mgonjwa afike kwa tabibu. Mwezi mmoja wa vidonge visivyo na kazi ni nusu ya muda huo.

Basi zijueni dalili kama mnavyojua vipimo vya dawa: uvimbe kwenye titi au kwapani, ambao mara nyingi hauumi, ngozi iliyobonyea au iliyo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu. Uvimbe mwingi si saratani, lakini wa kusema hivyo ni daktari aliyepima, si muuzaji. Wanaume nao hupata, ingawa hawazidi mmoja katika wagonjwa 100.

Ondoeni na uongo. Saratani haiambukizwi, haitokani na kurogwa, wala hailetwi na noti zinazofichwa kwenye sidiria.

Aliyetibiwa naye atarudi kwenu. Wagonjwa wengine humeza tamoxifeni kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Mama akitaka kuiacha kwa sababu anasikia joto kali mwilini, au anajiona amepona, msikilizeni, kisha mwambieni amwone daktari wake kabla hajaiacha.

Ninyi vijana wa kiume, msione haya. Titi si tusi. Mkiinamisha macho, mama naye ataondoka na siri yake.

Ndugu zetu, mmesomeshwa kwa jasho la mkulima na mfanyakazi. Malipo tunayodai ni haya: mama akija na uvimbe, asiondoke na vidonge tu. Aondoke na jina la hospitali ya kwenda, na siku ya kwenda iwe kesho.

Uhuru na Kazi!