Nuru ya Nyota-Mkia Ihakikiwe Kwanza

Msikilizaji, tangu darubini ya ATLAS nchini Chile ilipoigundua nyota-mkia 3I/ATLAS, Julai 1, 2025, gumzo limekuwa kwamba imetoka nje ya mfumo wetu wa jua. Kwa maoni yangu, kazi inayostahili sifa zaidi ni ile ya kuipima nuru yake.

Spektrografu huitawanya nuru katika rangi zake. Kila gesi ina alama yake: sianojeni hung'aa karibu na nanomita 388, ukingoni mwa zambarau. Lakini picha ghafi huonyesha vidoa vya mwanga tu. Ili kujua kila kidoa ni nanomita ngapi, wanasayansi huwasha taa za gesi kama neoni na argoni, ambazo mistari yake inajulikana. Kisha hupima nyota ya rejea yenye mng'ao unaofahamika, wapate kufidia nuru iliyomezwa na angahewa na vioo. Mwisho huondoa mwanga wa jua unaoakisiwa na vumbi. Muuza duka asiyehakiki mizani yake hawezi kuapa kwamba kilo yake ni kilo.

Kwa utaratibu huo, darubini ya VLT, hukohuko Chile, ilibaini sianojeni na nikeli katika 3I/ATLAS. Wakati huohuo uvumi wa kila aina ulisambaa mitandaoni. Sisi wanahabari tuna wajibu wa kuuliza, kabla ya kutangaza dai lolote la anga: vipimo hivi vimehakikiwa vipi?