Soya Sokoni na Jikoni

Katika gramu 100 za soya kavu mna protini gramu 36 hivi. Lakini soya mbichi ina kitu kizuiacho tumbo kuisaga protini hiyo. Basi mama asagaye soya mbichi kwa uji wa mtoto humpa shibe tu, pengine na kuharisha.

Sokoni chagueni punje kavu, zisizo na ukungu. Mbegu za kupanda zilizotiwa dawa haziliwi kamwe, hata zikioshwa.

Za nyoyo zilowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, zichemshwe mpaka zilainike. Kuni zitakwenda nyingi, ni kweli. Za unga zichemshwe nusu saa, zianikwe, zikaangwe, ndipo zisagwe.