Reli ya Wajapani na Watu Walioilipia

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi letu, na kupigwa chapa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamuni)



Katika mkutano uliopita, tulipokuwa tukijadili madai yetu ya mshahara, mwenzetu mmoja alisimama akasema: "Watazameni Wajapani. Walikuwa nyuma, wakanyamaza, wakafanya kazi bila kugoma hata siku moja, na reli yao sasa yasifiwa duniani kote." Wengi walimpigia makofi. Sisi wa kamati hatukuwa na jibu siku ile. Basi tukatafuta vitabu, tukavisoma jioni kwa zamu, na haya ndiyo tuliyoyapata. Mwenzetu amesema kweli kwamba walifanya kazi. Kwamba walinyamaza, hapo alidanganywa.

Tuanze na mlango uliofungwa. Tangu 1603 nchi ile ilitawaliwa na jamaa ya Tokugawa, na mkuu wao aliitwa shogun. Mfalme alikuwako Kyoto, lakini hakuwa na amri. Hao akina Tokugawa waliogopa dini ya Wareno, na tena waliogopa mabwana wa majimbo wasije wakatajirika kwa biashara ya ng'ambo, kisha wakaasi. Mwaka 1635 wakatoa amri kwamba Mjapani asitoke nchini, na aliyetoka akirudi auawe. Mwaka 1639 Wareno wakafukuzwa. Wazungu waliobakizwa ni Waholanzi peke yao, wakawekwa katika kisiwa kidogo cha Dejima, bandarini Nagasaki. Wachina nao waliruhusiwa hapo Nagasaki. Lakini msidhani kwamba watu walilala usingizi miaka mia mbili. Miji ilikua, shule zilikuwako, na wachache walisoma vitabu vya Kiholanzi vya uganga na vya mizinga.

Julai 1853 zikaja manowari nne za Marekani, mbili zikienda kwa moshi, na mkubwa wao aliitwa Perry. Alileta barua ya Rais wake, akasema atarudi kuchukua jibu. Akarudi 1854 na manowari zaidi. Pamoja na mizinga alileta zawadi, na zawadi moja yatuhusu sisi: injini ndogo ya moshi, robo ya ile ya kweli, na behewa lake na reli zake. Ilitandikwa kwa duara ufukoni. Behewa lilikuwa dogo mno hata mtu hakuweza kuingia. Ofisa mmoja wa Kijapani hakukubali kukosa safari. Akapanda juu ya paa, akashika kingo kwa mikono miwili, injini ikamzungusha kwa mwendo wa maili 20 kwa saa na joho lake likipepea. Tuliposoma hapo tulicheka sote, lakini tulimpenda mtu yule.

Mwezi wa Machi mwaka huo mkataba ukatiwa sahihi, bandari mbili zikafunguliwa, Shimoda na Hakodate. Mwaka 1858 ikaja mikataba mingine iliyo mibaya zaidi. Mgeni akikosa katika nchi ya Ujapani alihukumiwa na balozi wake mwenyewe, na ushuru wa forodha Wajapani hawakuwa na ruhusa ya kuupandisha wapendavyo. Bei za vitu zikapanda, watu wakamkasirikia shogun. Vita vikaja, na mwaka 1868 utawala wa Tokugawa ukaanguka. Mfalme, kijana wa miaka 15, akawekwa mbele, na nyuma yake walikaa watu wa majimbo ya Satsuma na Choshu ambao ndio walioshika usukani.

Mambo yaliyofuata yalikwenda mbio. Mwaka 1871 majimbo ya mabwana yalifutwa, na mwisho wa mwaka huo karibu nusu ya wakuu wa serikali wakapanda meli kwenda kutazama Marekani na Ulaya, pamoja na wanafunzi. Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa mtoto wa kike wa miaka sita! Mwaka 1872 ikaja sheria ya shule, na 1873 sheria ya kuandika vijana jeshini.

Sasa tuje kwenye reli. Mwaka 1863, kabla shogun hajaanguka, vijana watano wa Choshu walitoroka kwa siri kwenda London, na adhabu ilikuwa bado ni kifo. Mmoja wao, Inoue Masaru, alisoma mambo ya migodi na reli, akarudi 1868, na baadaye akawa mkuu wa reli zote za serikali. Reli ya kwanza, kutoka Shimbashi katika mji wa Tokyo hadi Yokohama, ilifunguliwa Oktoba 1872. Urefu wake kilomita 29. Upana wa njia futi tatu na inchi sita, yaani inazidi kidogo ile njia ya mita moja iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa 1896. Injinia mkuu alikuwa Mwingereza, Edmund Morel, naye alikufa kabla ya kuiona ikifunguliwa. Fedha zilikopwa London, pauni milioni moja kwa faida ya asilimia 9. Wakuu wa jeshi walikataa kutoa ardhi yao. Walitaka fedha zinunue silaha kwanza. Basi sehemu ya njia ikajengwa juu ya tuta ndani ya bahari.

Mwanzoni madereva walikuwa Waingereza, na mishahara yao ilizidi ya Wajapani mara nyingi. Inoue hakuridhika na hali hiyo. Mwaka 1879 Wajapani wenyewe wakashika injini. Mwaka 1880 mafundi wa Kijapani wakamaliza handaki la Osakayama, karibu na Kyoto, bila injinia mgeni. Mwaka 1893 karakana ya Kobe ikatoa injini ya kwanza iliyoundwa nchini, chini ya Mwingereza mmoja, mjukuu wa yule Trevithick aliyevumbua injini ya kwenda juu ya reli. Twasema wazi kwamba jambo hili twaliheshimu. Mgeni aliajiriwa ili afundishe, na aliyefundishwa akapewa kazi.

Lakini nani alilipa? Kwanza mkulima. Sheria ya 1873 ilimtoza kila mwaka asilimia 3 ya thamani ya shamba lake, kwa fedha taslimu, mvua ikinyesha isiponyesha. Wakulima wakaasi 1876, na 1877 serikali ikashusha hadi asilimia mbili na nusu. Kumbe waliofungua midomo walipata kitu.

Pili, wasichana wa viwanda vya hariri na pamba. Hariri ndiyo iliyoleta fedha za kigeni za kununulia mashine. Wasichana hao walitoka katika nyumba za wakulima maskini, baba akipewa fedha mbele, na binti akifanya kazi saa 12, saa 14 kwa siku, akilala katika nyumba ya kampuni iliyofungwa. Sisi tuliozaliwa katika landi twajua maana ya nyumba ya tajiri. Mwaka 1886, katika mji wa Kofu, wasichana wa kiwanda kimoja walikataa kuongezewa saa, wakatoka wakakusanyika katika hekalu, na tajiri akalegeza masharti. Huo wahesabiwa kuwa mgomo wa kwanza wa viwanda nchini Ujapani. Ulifanywa na wasichana, ndugu zangu.

Tatu, watu wa reli. Februari 1898 madereva na watia makaa wa kampuni ya Nippon waligoma. Walichoka kuwekwa chini ya makarani kwa cheo na mshahara hali wao ndio waliobeba roho za abiria. Kampuni iliwafukuza viongozi. Treni za kaskazini zikasimama. Kampuni ikakubali, nao wakaunda chama chao. Serikali iliona hatari, ikatunga sheria ya 1900 iliyofanya kuwashawishi watu wagome kuwa kosa la jinai, na vyama vile vya kwanza vikafa. Kwa hiyo wafanyakazi hawakunyamaza kwa mapenzi yao, walizibwa midomo.

Na tazameni reli hiyo ilikopelekwa baadaye. Mwaka 1876 Wajapani walipeleka manowari Korea, wakalazimisha mkataba wa namna ileile waliyolazimishwa wao. Mwaka 1895 waliishinda China, wakachukua Taiwan. Kisha Mrusi: manowari zake zilikuja kwa kuzunguka Afrika, zikakaa muda mrefu Nosy Be huko Madagaska, na Mei 1905 zikazamishwa Tsushima. Watu wengi wa Asia na Afrika walifurahi. Lakini mwaka uleule reli ya Seoul hadi Busan ilifunguliwa juu ya mashamba ya Wakorea yaliyochukuliwa, na 1910 Korea yote ikamezwa. Tarehe 18 Septemba 1931 maofisa wa Kijapani walilipua kipande cha reli yao wenyewe karibu na Mukden, wakawasingizia Wachina, wakaiteka Manchuria. Mlipuko wenyewe ulikuwa mdogo hata treni ilipita hapo baadaye kidogo! Gengi la njia lingecheka, kama nchi isingekuwa inaibwa.

Mwaka 1940 vyama vya wafanyakazi vilivyobaki vilivunjwa, watu wakaingizwa katika jumuiya moja ya kizalendo ya serikali. Hakukuwa tena na chama cha kuuliza neno. Mwaka 1942 na 1943 ikajengwa reli ya kutoka Siam hadi Burma, kilomita 415, na walikufa humo mateka zaidi ya 12,000 na makuli wa Asia makumi ya maelfu. Wazee wetu wa K.A.R. walipigana na jeshi hilo mwaka 1944 katika bonde la Kabaw, na wengine hawakurudi.

Agosti 1945 vita vikaisha, baada ya Hiroshima na Nagasaki kuteketezwa. Desemba mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuruhusu vyama vya wafanyakazi, na watu wa reli walikuwa miongoni mwa waliojiandikisha kwa wingi. Ile treni ya mbio anayoisifu mwenzetu ilianza Oktoba 1964, miaka karibu ishirini baada ya sheria hiyo.

Ndugu Mwenyekiti, wenzetu wa zamu ya usiku wametazama saa mara mbili. Tunaomba yule ndugu aliyesema siku ile apewe nafasi ya kwanza ya kuuliza, kisha turudi kwenye madai yetu, ukurasa wa pili, pale tulipoachia.